Krosi mpya, gari bado inacheza sindimba!

Wiki hii tunaziweka kando habari za mapenzi na mavazi, tunaingia uvunguni mwa gari. Usinune dada yangu, hata wewe mwenye Noah yako mambo haya yanakuhusu, tena sana.

Kuna ugonjwa mmoja unaowamaliza vijana mfukoni. Gari ilikuwa inagonga ‘tok!’ kila ukiondoka, ukaambiwa krosi za propela zimekwisha. Ukajikamua, ukanunua, fundi akafunga. Kweli ‘tok’ ikaisha. Lakini ukifika spidi 70 au 80, sakafu inaanza kuunguruma, kiti kinakukuna mgongo, na kwenye kioo gari ya nyuma unaiona ziko mbili! Unarudi gereji, na hapo ndipo yanapoanza mazungumzo haya ambayo hayana mwisho:

“Fundi, mbona gari inatetemeka? Kabla hatujabadili krosi haikuwa hivi.”

“Bosi, hizo si bado mpya? Zipe wiki moja tu, zitakaa zenyewe.”

Jamani, krosi haikai yenyewe! Tetemeko lililozaliwa siku ya kufunga krosi haliponi kwa kuzoea. Kinachozoea ni makalio yako, gari inaendelea kuumia. Na kama wewe ni dereva wa hesabu, kila siku gari inapolala gereji tajiri anakuangalia kwa jicho la pembeni, na nyumbani hakuna kinachoingia. Kwa hiyo hebu tulielewe jambo hili sawasawa.

KROSI NI KITU GANI HASA?

Kwenye gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu hutoka gia boksi kwenda kwenye difu kwa kutumia bomba refu linalozunguka, yaani propela. Sasa gia boksi imefungwa kwenye bodi na imetulia, lakini difu inapanda na kushuka kila ukikanyaga shimo. Bomba hilo lazima liwe na viungo vya kujikunja huku linazunguka. Viungo hivyo ndivyo krosi: kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, kila ncha imevaa kikombe kilichojaa sindano ndogo za chuma na grisi.

Si kitu cha jana. Wafaransa na Wajerumani mpaka leo wanakiita kwa jina la Mtaliano Gerolamo Cardano, aliyezaliwa mwaka 1501. Mwingereza Robert Hooke naye alikichambua katika karne ya 17. Kwenye magari kilishika kasi baada ya Mmarekani Clarence Spicer kupata hataza yake mwaka 1903, wakati ambapo magari mengi yalikuwa bado yanasukumwa kwa mnyororo kama baiskeli. Zaidi ya miaka mia moja imepita na kanuni yake haijabadilika hata kidogo. Anayeivunja anatetemeka.

DANSI YA WATU WAWILI

Kanuni yenyewe ndiyo hii. Krosi ikizunguka huku imejikunja, haitoi mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja inakimbia kidogo, inapunguza, inakimbia tena, inapunguza tena. Mkunjo ukiwa nyuzi 10, mwendo unapanda na kushuka kama asilimia 1.5. Mkunjo ukifika nyuzi 20, unapanda na kushuka kama asilimia 6. Hilo si kosa la mtengenezaji, ndivyo maumbile ya krosi yalivyo.

Sasa dawa yake ni ipi? Ni krosi ya pili! Ya mbele ikikimbia, ya nyuma inapunguza, ya mbele ikipunguza, ya nyuma inakimbia, na mwisho wa yote difu inapokea mwendo uliotulia. Ni kama watu wawili wanaocheza dansi: mmoja akipeleka mguu mbele, mwenzake anarudisha wake nyuma. Wakikosea hatua, wanakanyagana.

Ili dansi hiyo iende, masikio yanayoshika krosi kwenye ncha mbili za bomba lazima yalale usawa mmoja, na mkunjo wa mbele ulingane na wa nyuma. Ukifungua propela pale kwenye meno ya kuteleza, ukairudisha ikiwa imeruka meno mawili matatu, tayari umeharibu hatua. Badala ya krosi moja kufuta kosa la mwenzake, zinaanza kuchangia kosa.

Kwa gari zenye propela ya vipande viwili, kama Hiace nyingi, kuna krosi tatu na senta beringi inayoning’inia katikati. Hapo mpangilio wa masikio ni ule aliouchagua mwenye kiwanda, na si lazima ulingane na ule uliozoea kuuona kwenye gari nyingine. Kwa hiyo usitumie akili ya kichwani. Rudisha kama ilivyokuwa.

HESABU KIDOGO, USIKIMBIE

Najua wengine hesabu mliziacha shuleni, lakini hii itakufungua macho. Chukua gari yenye tairi ambayo mzunguko wake mmoja ni mita 2 hivi. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa, tairi inazunguka kama mara 667 kwa dakika. Kama difu yako ni ya 4.1, propela inazunguka kama mara 2,730 kwa dakika, yaani mara 45 kila sekunde!

Sasa tuseme propela ina uzito wa kilo 8, na fundi amefunga krosi ya nyuma ikakaa pembeni ya katikati kwa nusu milimita tu, unene wa kucha. Nusu ya uzito, yaani kilo 4, inazunguka nje ya njia yake. Kwa spidi hiyo ya 80, msukumo wake ni kama mzigo wa kilo 16 unaorushwa huku na kule mara 45 kwa sekunde. Ukishuka mpaka 40, msukumo unabaki robo tu, kama kilo 4. Ukipanda mpaka 100, unafika kama kilo 26.

Umeona? Ndiyo maana fundi akizunguka nayo mtaani kwa spidi 30 anarudi anakwambia “mbona iko poa, bosi?” Hadanganyi, ila hajafika mahali ugonjwa unapoishi.

KWANZA JUA TETEMEKO LINATOKA WAPI

Kabla hujamlaumu mtu, fanya vipimo hivi. Vifanyie kwenye barabara tambarare, isiyo na watu, na mtu mwingine akae kiti cha nyuma asikilize.

Cha kwanza, simamisha gari kabisa, kanyaga mafuta polepole ikiwa fri. Ikitetemeka hapo hapo bila kutembea, hiyo ni injini au mipira yake. Propela haimo.

Cha pili, tembea kwenye spidi ile inayotetemeka, kisha badili gia moja juu au chini huku ukishikilia spidi ile ile. Kelele ya injini itabadilika. Kama tetemeko linabaki palepale kwenye 70 au 80 yako, basi linafuata magurudumu na propela, halifuati injini.

Cha tatu, ukiwa kwenye spidi hiyo weka fri, acha gari ijiendee. Usizime injini hata siku moja, maana breki zitakuwa ngumu na usukani unaweza kujifunga! Tetemeko likiendelea wakati injini imetulia, umezidi kumbana mwizi.

Cha nne, angalia linakuja wapi. Usukani ukicheza mkononi, mara nyingi ni tairi za mbele. Tetemeko la tairi ni la polepole, kwa ule mfano wetu ni kama mara 11 kwa sekunde, unaweza kuliona kwa macho. La propela ni la haraka, linaunguruma kama nyuki ndani ya debe, na unalisikia kwenye sakafu na kwenye kiti.

Cha tano, sikiliza linakuja wakati gani. Gari ikitikisika pale unapoondoka tu, kati ya spidi 10 na 30, hasa ikiwa na abiria, kisha ikatulia, shuku mikunjo au senta beringi. Ikianza spidi kubwa na kuzidi kadri unavyokimbia, shuku balansi. Ikiunguruma zaidi ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia, rudi kwenye hatua za dansi na mikunjo.

WALIOFUNGA WALIKOSEA WAPI?

Sasa tuingie jikoni. Mara nyingi kosa ni moja kati ya haya.

Hawakuweka alama. Hili ndilo baba wa makosa yote. Propela ilibalansiwa ikiwa imekaa namna fulani. Ikigeuzwa pale inaposhikana na difu, au ikiruka meno, hesabu yote inavurugika.

Sindano imeanguka. Wakati wa kusukuma kikombe, sindano moja inalala chini kwenye sakafu ya kikombe. Kikombe hakifiki mwisho, klipu inagoma kuingia kwenye mfereji wake, na wengine wanaipiga nyundo mpaka iingie kwa nguvu. Krosi inakaa upande, na haitamaliza muda mrefu.

Klipu hazikulingana. Gari nyingi zinatumia klipu za unene tofauti ili krosi ikae katikati kabisa. Ukiweka nene upande huu na nyembamba upande ule, umeihamisha propela nje ya njia yake. Kumbuka ile nusu milimita!

Masikio yamepinda. Propela imelazwa juu ya jiwe, nyundo ya kilo mbili ikafanya kazi. Masikio yakibanana hata kidogo, krosi mpya inakuwa ngumu upande mmoja. Na kama bomba limebonyea, au kile kibati kidogo kilichochomelewa kimedondoka, balansi imekwenda na maji. Kile kibati si takataka jamani! Kiliwekwa kiwandani kwa kipimo.

Kuchomelea. Tundu la kikombe likiwa limepanuka, wapo wanaogonga kingo kwa tindo au kuchoma welding ili kikombe kisitoke. Hapo krosi haiko katikati tena, na moto unapindisha chuma na kuunguza grisi. Dawa ya tundu lililopanuka ni kubadili sikio lenyewe au propela.

Senta beringi imesahauliwa. Unaweka krosi mpya tatu, halafu mpira wa senta beringi umechanika unaning’inia kama shati la mtumba. Propela itacheza tu.

Na la mwisho ni letu wenyewe wenye magari. Tunainua Noah ili zisigonge chini, tunashusha Mark II ili zionekane kali, tunaongeza springi za Hiace ili zibebe zaidi. Kila ukifanya hivyo mkunjo wa propela unabadilika. Krosi zilizochakaa zilikuwa na nafasi ya kuficha kosa hilo, mpya zimekaza na zinalitangaza hadharani.

DAWA, KUANZIA YA BURE

Usikimbilie Gerezani kununua krosi nyingine. Anza na isiyo na gharama.

Angalia bolti zote za propela na za senta beringi kama zimekaza. Kisha pangusa matope kwenye bomba, maana hata tope lililokaukia upande mmoja linavuruga balansi. Tafuta kama kuna doa jipya linalong’aa mahali ambapo kibati kilikuwepo.

Fungua propela, ishike mkononi, kunja kila krosi pande zote. Inatakiwa ijikunje laini, ikaze kidogo, isiwe na mchezo wala vidato. Ikiwa ngumu upande mmoja, gonga taratibu juu ya sikio kwa nyundo ya shaba au ya plastiki, mara nyingi vikombe vinarudi vikaegemea klipu na krosi inalegea. Ikikataa, toa kikombe utazame sindano.

Angalia uso wa flenji. Chembe ya kutu au rangi iliyobaki katikati ya flenji mbili inatosha kuipindisha propela. Brashi ya waya na kitambaa, basi.

Kama alama hazikuwekwa, hakikisha kwanza masikio yako sawa, halafu fungua pale kwenye difu, geuza propela nusu mzunguko, funga tena, kajaribu. Nusu mzunguko haiharibu hatua za dansi, ila inaweza kurudisha balansi mahali pake. Wengi wamepona hapo hapo, bila shilingi kutoka.

Bado? Inua gari, lakini weka stendi chini ya eksili, maana magurudumu yakining’inia mkunjo unabadilika na kipimo kinakuwa cha uongo. Weka vigingi kwenye tairi za mbele. Zima injini, weka fri, halafu zungusha propela kwa mkono huku umesogeza ncha ya chaki iliyotulia karibu na bomba. Chaki ikichora upande mmoja tu, upande huo umejitokeza: ama bomba limepinda ama krosi haiko katikati. Kwa gari nyingi kinachovumilika hakizidi milimita moja.

Kuna na ujanja wa klipu za mipira ya maji, zile za kukaza kwa bisibisi. Funga moja kwenye bomba karibu na difu, kichwa chake kikiwa upande ulio mkabala na ule uliojitokeza. Kajaribu barabarani, kisha sogeza kichwa robo mzunguko, kajaribu tena. Mahali tetemeko linapopungua ndipo penyewe. Kaza sawasawa na hakikisha klipu haigusi kitu. Ila ujanja huu ni wa balansi peke yake. Kama kosa ni hatua au mikunjo, utafunga klipu mpaka ziishe dukani! Yakishindikana yote, tafuta karakana yenye mashine ya kubalansi propela, nayo imalize ubishi.

KINGA NI RANGI YA KUCHA

Sasa sikiliza siri ya kuzuia yote haya. Kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa, chora mistari ya alama: kwenye difu na propela, kwenye meno ya kuteleza, kwenye senta beringi na mbele kwenye gia boksi. Chaki itafutika kwa grisi. Rangi ya kucha haifutiki kirahisi. Ndiyo, ile ile ya shemeji! Muombe kwa adabu, kichupa kimoja kinatosha magari mia. Piga na picha kwa simu.

Linganisha krosi mpya na ya zamani kabla hujalipa: upana wa kikombe, urefu wa ncha hadi ncha, na aina ya klipu. Ikipishana hata kidogo, rudisha. Na ujue baadhi ya magari madogo ya Kijapani krosi zake zimegongewa kiwandani hazina klipu, hazikukusudiwa kubadilishwa kienyeji. Hapo ulizia propela nzima.

Vikombe visukumwe kwa vaisi au mashine ya kukandamiza, si kwa nyundo ya hasira. Krosi zenye nipo, jaza grisi mpaka uione inachungulia kwenye vikombe vyote vinne, na rudia kila ukifanya sevisi. Ukiona unga mwekundu wa kutu pembeni ya kikombe, au ukisikia ‘kwi kwi kwi’ gari inapoanza kutembea, grisi imekwisha na krosi inaomba msaada.

ONGEA NA FUNDI KIUNGWANA

Vijana wengi tukifika gereji tunajifanya tunajua, au tunanyamaza kabisa. Yote mabaya. Sema tu: “Fundi wangu, samahani, naomba tuweke alama kwanza kabla hujafungua. Halafu tukimaliza twende wote mpaka spidi 80.” Fundi wa kweli hatakasirika, atakuheshimu. Na wewe usimkimbize na simu kila dakika tano, “bado tu? bado tu?” Haraka ya mwenye gari ndiyo inayomshikisha fundi nyundo.

Tena usichukulie mchezo. Propela inayotetemeka inakula sili ya gia boksi, mafuta yanavuja, beringi zinakufa moja baada ya nyingine. Krosi ikikatika ukiwa kwenye mwendo, bomba linabaki linachapa sakafu ambayo juu yake abiria wameweka miguu. Ikikatika ya mbele ndiyo balaa kubwa zaidi, ncha inaweza kuchimba lami na kuinyanyua gari. Kwa hiyo suka, abiria akikwambia “kaka, gari yako inanitetemesha meno”, usimjibu apande teksi. Huyo amekupa kipimo cha bure.

Ukifika nyumbani leo, chungulia uvunguni. Kwa leo tuishie hapo, tukutane tena wiki ijayo. Endesheni salama!